Waliposema Biashara Haisomewi

Makambako, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Tumsifu, mtoto wa dada yangu,

Kamwene. Salamu nyingine zote nitakupa kesho kwa mdomo, maana leo nikianza kukuuliza habari za afya nitakuwa nakudanganya. Nina hasira, mwanangu. Nimekaa hapa kwenye meza ya duka, mlango nimeurudishia, wewe uko kanisani unaagana na wenzako wa kwaya, na ninahema kama mtu aliyebeba gunia la viazi kichwani kutoka Njombe mpaka hapa. Jambo ambalo, kama unavyojua, niliwahi kulifanya, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutomwachia begi mtu usiyemjua, mama yako ameyasema wiki nzima na kesho atayarudia. Mimi siyagusi. Dodoma si baridi ya Njombe, utaona mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu.

Mchana mama yako alinipigia simu. Nilikuwa nampimia mteja sukari, nikaiacha mizani inaning'inia.

"Kaka, mtoto amekubali."

"Amekubali nini?"

"Akifika chuoni atabadilisha kozi. Ataacha huo uchumi wa biashara, achukue ualimu. Shemeji, Baba yake Mkubwa, amefurahi sana, anasema Mungu amejibu."

"Amekubali, au amechoka kubishana?"

Akashusha sauti. Dada yangu akishusha sauti ujue jibu analo. Akasema, "Kaka, wewe mwenyewe unajua ilivyokuwa Jumapili. Ulikuwepo."

Nilikuwepo! Ndiyo maana nina hasira.

Hebu turudi hiyo Jumapili, maana nataka uione kwa macho yangu mimi. Tumetoka ibadani Kifanya, tumeingia kwa Baba yako Mkubwa, tumekaa. Chai imemiminwa, viazi vya kuchemsha viko mezani vinatoa mvuke. Na walikuwa wamekunywa chai tu, Tumsifu. Ingekuwa ulanzi ningewasamehe wote kufikia jioni. Mtu akisema upuuzi akiwa na ulanzi kichwani unamwachia, kesho yake ataona aibu mwenyewe. Lakini hawa walisema na chai.

Baba Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tangu baba yako atutoke yeye ndiye msemaji wa ukoo, na isitoshe ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo akifuta miwani watu wazima wanakaa kama darasa la pili.

"Sasa mwanangu," akasema, "huo uchumi wa biashara ni kitu gani hasa?"

Ukajibu vizuri. Mimi nilikutazama, nikajivuna kama nimekuzaa mwenyewe. Ulisema ni kujifunza kwa nini bei inapanda na kwa nini inashuka, watu wanaamuaje kununua na kuuza, na kampuni inafikiriaje kabla haijafungua kiwanda. Hukusitasita. Hukutazama chini.

"Bei inapanda kwa sababu wauzaji wana tamaa," akasema. "Hilo nalo mpaka uende Dodoma?"

Wakacheka. Shangazi yako akadakia, "Na akimaliza ofisi yake itakuwa wapi, sokoni kwenye nyanya?" Wakacheka tena, mwingine akakohoa kiazi.

Ndipo Baba Mkubwa akaninyooshea kidole. "Biashara haisomewi, mwanangu. Mtazame mjomba wako huyo. Kaishia kidato cha pili, tena cha pili chenyewe kwa kusukumwa. Leo ana duka Makambako, ana pikipiki, anauziana na watu wa mjini. Nani alimfundisha? Kazaliwa nayo. Wewe ukitaka biashara, kaa naye dukani mwezi mmoja. Chuo nenda kachukue ualimu, uwe na heshima."

Vichwa vyote vikageuka kwangu. Na mimi nikafanya nini? Nikasimama. Nani aliniambia nisimame? Nikakung'uta koti, nikasema, "Mwalimu umenena, chuo changu mimi ni barabara." Nikawapigia ile hadithi ya lori lililozama kwenye matope ya Kifanya, wanaume wakasukuma mpaka wakaishiwa nguvu, mimi nikasimama mbele ya lori nikaimba pambio, na lori likatoka lenyewe likiunguruma kwa sauti ya besi. Nikawapigia na ile ya bei: kwamba mimi nikilala hapa Makambako nikasikia malori yanavyokuja kutoka Songea, kwa mlio wa injini tu najua viazi vitauzwaje kesho yake mjini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe pia ulicheka. Halafu ukaacha kucheka, ukawa unakitazama kikombe chako.

Nikaona unakitazama kikombe. Nikadhani chai imepoa.

Unaelewa sasa kwa nini nimekasirika? Walinichukua mimi, nikiwa hai, nikiwa nimevaa suti, wakanigeuza fimbo ya kukuchapia wewe. Na mimi nikajinyoosha ili fimbo ifike vizuri! Nimetoka kwenye simu ya mama yako nikamwambia yule mteja wa sukari arudi kesho. Hakurudi nyuma hata hatua, akasema, "Mzee, sukari yangu iko kwenye mizani." Nikampa, nusura nimpe na mizani.

Haya. Sasa nikueleze habari ya Baba Mkubwa, kwa kuwa yeye alieleza yangu.

Unalikumbuka shamba lake la mipaini, lile la kuelekea mtoni? Ulikuwa mdogo, mlikuwa mnaokota kuni mle. Alilitunza kuliko alivyowatunza wanafunzi wake. Siku moja akaja kijana mnunuzi, mwembamba, viatu vya raba. Hakuja na maneno mengi. Alikuja na utepe wa kupimia, akawa anaingia mle shambani, anauzungusha utepe kwenye mti, kifuani hapa, anabonyeza simu yake, anakwenda kwenye mti mwingine. Hakupima yote. Alikuwa anaruka, mmoja huku, mmoja kule. Baba Mkubwa na mimi tumekaa kwenye magogo tunamtazama kama tuko kwenye maigizo.

Baba Mkubwa akasema, "Huyu anaipima miti kama fundi cherehani anampima bibi harusi." Tukacheka, bwana. Mimi nikaongeza, "Labda anaishonea sketi." Tukacheka tena mpaka tukafuta machozi.

Kijana akamaliza, akaja kunywa chai. Baba Mkubwa akamuuliza kwa heshima zote kasoma wapi, akasema ametoka chuoni juzijuzi. Na unajua Baba Mkubwa alisema nini? Sikiliza vizuri. Alisema, "Hongera sana mwanangu. Elimu ndiyo kila kitu." Mdomo huohuo! Kwa mtoto wa watu, elimu ni kila kitu. Kwako wewe, kaa dukani kwa mjomba mwezi mmoja.

Halafu akaliuza shamba kwa macho, kama tunavyouza siku zote huku kwetu. Unasimama pembeni, unatazama miti, mnunuzi anatazama miti, mnataja, mnashikana mikono. Tofauti ni kwamba yule kijana hakuwa anatazama tu. Alikuwa anajua ndani ya mti ule kuna mbao ngapi, na sisi tulikuwa tunajua miti ni mizuri.

Walipokuja kukata, malori yalipita hapo barabarani mpaka vumbi likawa halitulii. Baba Mkubwa alikuwa anasimama mlangoni kwake na kikombe. Lori likipita ananiuliza, "Na hilo nalo limetoka kwangu?" Namwambia ndiyo, Mwalimu. Lingine likipita, "Na hilo?" Ndiyo, Mwalimu. Ikafika mahali akaacha kuuliza, akaingia ndani akafunga mlango mchana kweupe. Toka siku hiyo hajawahi kulitaja lile shamba. Na mtu huyo, Tumsifu, mtu huyo ndiye anakaa Jumapili na kusema biashara haisomewi! Imesomewa mbele yake, kwenye miti yake mwenyewe, na huyo msomi alimpa chai yeye mwenyewe!

Ngoja nipumue. Nimeinuka nimefunga dirisha, ukungu unaingia.

Sasa mimi. Unajua ile habari yangu ya parachichi, nimeisimulia kwenye harusi zote. Kwamba nilipeleka parachichi Njombe kwa wanunuzi wa kupeleka nje, na wote pale ghalani wakaacha kazi wakaja kuziangalia. Hiyo ni kweli kabisa. Waliacha kazi. Wakaja kuziangalia. Kilichobaki cha habari hiyo sijawahi kukisimulia, na usimsomee mtu.

Unanijua mimi na lumbesa. Gunia la viazi likijaa, mtu wa kawaida anashona mdomo basi. Mimi naliongezea kichwa, nashona kwa kamba, naongeza tena, mpaka gunia linasimama kama mtu aliyevaa kilemba cha hija. Toka Kifanya mpaka Makambako hakuna anayenifikia kwa kushona lumbesa, na hilo hata adui zangu watakuambia. Mnunuzi wa mjini ananunua kwa gunia, na gunia ni hilo alilokuja nalo yeye, na kichwa chake juu. Kelele kwamba tuuze kwa kilo zimepigwa miaka yote, na mizani zipo, tumezitundikia makoti. Ndivyo tulivyolelewa. Kizuri kinajazwa mpaka kifurike.

Basi zikaja hizi parachichi za kisasa, kila mtu anapanda, kila mtu anasema dhahabu ya kijani. Nikasema mimi siwezi kuachwa. Nikazunguka kwa majirani nikakusanya. Walizichuma kwa miti mirefu, wanagonga matawi, zinadondoka kama mvua ya mawe, tunaokota. Halafu mimi, fundi mkuu, nikazipakia kwenye magunia. Nikazishindilia. Nikaweka kichwa. Nikashona. Nakuapia, Tumsifu, ilikuwa lumbesa nzuri kuliko zote nilizowahi kushona maishani. Nikazipandisha kwenye lori, nikakaa juu yake mwenyewe ili zisidondoke. Juu yake! Mpaka Njombe.

Pale ghalani binti mmoja wa kukagua akaja, akalitazama gunia kutoka chini mpaka juu.

"Baba, hivi ni viazi?"

"Parachichi, mama. Daraja la kwanza."

"Na hicho kichwa?"

"Hiyo ni zawadi. Sisi wa Kifanya hatupunji."

Hakucheka. Aliita wenzake. Ndipo wakaacha kazi. Walikuja wote wakalizunguka gunia, mmoja akalipiga picha. Walipokata kamba, zile za juu zilitoka zimebonyea kama mpira uliotolewa upepo, na za chini zilikuwa zimeshaanza kulia maji. Binti akaniambia kwa upole kwamba tunda la kusafiri mbali linakatwa na kikonyo chake, halitakiwi kugusa ardhi, linapangwa kwenye kreti kama mayai. Nikamjibu kwa sauti kubwa kwamba mimi nimeanza biashara yeye hajazaliwa. Hilo nalo ni kweli. Nikarudi na mzigo wote. Nguruwe wa Kifanya walinenepa msimu ule mpaka wakawa hawainuki, na hiyo siongezi chumvi, waulize.

Lakini hilo la kreti si lililonikera zaidi. Kreti nilijifunza, msimu uliofuata nilikata na kikonyo, nilipanga kama mayai, binti yuleyule akapokea. Lililonikera ni lililofuata. Kila mtu alikuwa amepanda. Wote tulikata vizuri, wote tulipanga vizuri, na bei ikaanguka. Tulivuna kuliko wakati wowote na tukarudi nyumbani vichwa chini. Tukakaa hapa dukani wanaume wazima, mmoja akasema ni madalali, mwingine akasema ni Wazungu wameacha kula, mwingine akasema kuna mtu ametuchezea. Mimi niliyejua bei kwa mlio wa injini, nilisema nini? Nilisema injini za siku hizi hazisikiki vizuri.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Kabla ya msimu ule, ukiwa kidato cha tano, ulikuja likizo, ukakaa kwenye kreti ya soda hapo mlangoni. Nilikuuliza mnasoma nini huko, ukachora kwenye karatasi ya kufungia maandazi mistari miwili, mmoja unapanda, mmoja unashuka, ikakatana katikati. Ukaniambia, "Mjomba, huu ni wanaouza, huu ni wanaotaka kununua." Nikakuambia hapo ilipokatana panaitwa Makambako, huu mstari unakwenda Mbeya na huu unakwenda Songea. Duka zima likacheka. Wewe hukukasirika. Ulisema, "Sawa, lakini huu wa wanaouza ukisogea huku, Makambako inashuka chini." Ukaikunja karatasi, ukala andazi.

Makambako ilishuka chini, mwanangu. Mwaka ule wa parachichi nilikaa hapa nikajaribu kuichora ile mistari kwenye boksi la sabuni, ikakataa. Nilikumbuka inavyokatana, sikukumbuka nani anasogea kwanza. Nikaona aibu kukupigia simu. Mjomba mzima, nimeshikilia kipande cha boksi, nataka kumuuliza mtoto wa shule.

Kwa hiyo usiniambie biashara haisomewi, na asiniambie mwalimu mstaafu. Mimi nimefanya biashara kama mtu anayepita chumba cha giza anachokijua: nimeizoea meza, nimeizoea kiti. Wakiihamisha meza, natoka na goti limechubuka, halafu nawasimulia watu jinsi nilivyoipiga meza teke. Watu wanacheka. Dada yangu ananenepesha nguruwe kwa parachichi. Wewe ulikuwa unataka kuwasha taa, na sisi wote, na chai mkononi, tukakuambia kaa, mjomba wako giza halijamsumbua.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nimekuwa nikifuta na kuandika tena.

Sidharau ualimu. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono huu nikaandika herufi hizi unazozisoma, na aliufinya pia. Kama moyoni mwako ni mwalimu, kama ukifumba macho unajiona umeshika chaki na roho inatulia, basi badilisha hiyo kozi, na mimi mjomba wako nitakununulia hiyo chaki. Sitasema neno. Lakini kama unabadilisha kwa sababu ya kicheko cha Jumapili, kwa sababu ulinitazama mimi nimesimama na koti langu ukafikiri, kumbe kweli, mjomba alifika bila kusoma, basi hapana. Hapana kabisa. Sikufika, Tumsifu. Niko njiani hapahapa, nakokota mzigo, naimba ili watu wadhani nafurahia.

Na sitaki unijibu leo. Ukirudi kutoka kwaya nitakuwa nimeshapakua ugali, tutakula, nitakupigia hadithi mpya ya chui wa Tandala ambayo bado hujaisikia. Barua utaikuta juu ya begi lako asubuhi, uisome kabla hatujatoka. Jibu utalitoa stendi, na nitakuambia jinsi.

Kesho Baba Mkubwa anakuja na gari la alfajiri kutoka Kifanya kukuombea safari. Tutasimama sote pembeni ya basi, mama yako atashika mkono wako, Baba Mkubwa atavua kofia, na atasali ile sala yake ndefu inayopita kwa wagonjwa na wajane na viongozi wa nchi kabla haijafika kwako. Halafu atafika kwako. Namjua. Mama yako ameniambia mzee amekwisha kulipanga neno: atakukabidhi kwa Bwana, "huyu mwalimu wetu mtarajiwa." Na sote tutatakiwa kuitikia amina.

Ukiitikia kwa moyo, na mimi nitaitikia, kwa sauti itakayoamsha watu Njombe.

Lakini kama si neno lako, usiliwekee amina. Huhitaji kubishana naye. Huhitaji kulia, wala kumvunjia heshima mzee, wala kumweleza mistari yako miwili pale basi likiwa linapiga honi. Nyamaza tu. Wenzetu watafumba macho. Mimi nitasimama nyuma ya Baba Mkubwa, macho wazi kabisa, Mungu anisamehe, nikiutazama mdomo wako.

Mjomba wako